Faiba Ilifika Chuoni, Faili Halikufika

Najua nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa. Kazi za wateja zilinibana, na kila nilipoketi niandike, simu ililia. Leo nimeizima.

Siku chache zilizopita msomaji mmoja aliniuliza swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa mistari mitatu. Alisema: hii mitandao ya vyuo vikuu na watafiti, inayosemwa kwamba ina kasi ya ajabu, ni intaneti nyingine au ni ile ile yetu? Na kama ina kasi hivyo, mbona watafiti bado wanalalamika?

Nilianza kumjibu. Kufikia mstari wa nne nilijikuta namwandika dada yangu, na nikajua jibu si la mistari mitatu. Basi vuta kiti. Nitaeleza mambo ya kitaalamu bila kukuchosha, kadiri niwezavyo, lakini nitaeleza pia kosa langu mimi mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha mengi ya haya.

Tulikotoka

Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha bara. Chuo kizima, wanafunzi kwa wahadhiri, tulikuwa tukigawana laini moja ya setilaiti ya kilobiti 128 kwa sekunde. Leo simu yako inapata mara nyingi zaidi ya hiyo ukiwa umebanwa kwenye kiti cha nyuma cha matatu.

Nilitaka kupakua CD moja ya Linux, megabaiti 650. Piga hesabu. Hata kama laini yote ingekuwa yangu peke yangu, ningehitaji zaidi ya saa 11. Na haikuwa yangu peke yangu, maana maabara ilikuwa na tarakilishi 40 na foleni nje ya mlango. Mwishowe nilipanda matatu hadi Nairobi, rafiki akaninakilia CD hiyo kwa dakika 10, nikarudi chuoni siku hiyo hiyo. Ikumbuke safari hiyo, tutairudia.

Shida ya setilaiti haikuwa ufinyu tu. Zile tulizotumia zilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako linapanda na kushuka, kisha jibu linapanda na kushuka. Hata kwa kasi ya mwanga, mzunguko huo unakula karibu nusu sekunde kabla mtambo wowote haujafanya kazi yake. Sisi tulikuwa tukipima sekunde 0.6 na zaidi. Likumbuke na hilo pia.

Harambee ya vyuo

Wakati huo tayari KENET ilikuwepo. Huu ni mtandao wa elimu wa Kenya ulioanzishwa mwaka 1999. Wazo lake Mkenya hahitaji kulitafsiriwa, maana ni harambee. Chuo kimoja kikienda sokoni peke yake kinauziwa kwa bei ya rejareja. Vyuo vingi vikienda pamoja vinanunua kwa jumla, vinagawana gharama, na vinaajiri wahandisi wa pamoja ambao hakuna chuo kidogo kingeweza kuwaajiri.

Lakini kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Mtandao wa namna hii haujengwi kwa ajili ya kufungulia barua pepe tu. Unajengwa kwa ajili ya yule mtu mmoja ambaye siku moja atataka kuhamisha mzigo mkubwa sana kutoka maabara moja hadi nyingine, tena haraka. Mtandao wa biashara huwapangia watu wengi wanaotaka kidogo kidogo. Mtandao wa utafiti unalazimika kumfikiria pia yule mmoja anayetaka kingi kwa wakati mmoja.

Wenzetu walianza zamani. Uingereza ilikuwa na JANET tangu mwaka 1984. Marekani, vyuo vikuu 34 vilikutana mwaka 1996 na kuanzisha Internet2. Ulaya ikazindua GÉANT mwaka 2001, ikiunganisha mitandao ya kitaifa ya nchi nyingi kuwa bara moja. Mitandao hii yote hutumia itifaki zile zile za intaneti unayoijua. Tofauti ni kwamba barabara zao ni pana, zinamilikiwa au kukodishwa na wenye elimu wenyewe, na hazijazwi hadi pomoni kwa makusudi, ili mzigo mkubwa ukija upate nafasi.

Mwezi Oktoba 2003, Caltech ya Marekani na CERN ya Uswisi walipitisha terabaiti 1.1 kati yao kwa muda usiofika dakika 30, kwa kasi ya gigabiti 5.44 kwa sekunde, umbali wa zaidi ya kilomita 7,000. CD yangu ya Linux, ile ya saa 11, ingepita hapo kwa muda usiofika sekunde moja. Nilisoma habari hiyo kwenye karatasi aliyoichapa mhadhiri wetu, maana ukurasa wenyewe ulikataa kufunguka maabarani. Tulicheka sana siku hiyo.

Pakiti zinazotalii

Siku zile ukituma barua pepe kutoka chuo cha Nairobi kwenda chuo cha nchi jirani, mara nyingi ilipanda setilaiti, ikatua Ulaya au Marekani, ikapanda tena, ndipo ikashuka kwa jirani. Hata ndani ya nchi mambo hayakuwa rahisi. Kituo cha Nairobi cha kubadilishana data kati ya kampuni za intaneti, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa baada ya majuma mawili kwa mzozo wa leseni, kikafunguliwa tena Februari 2002. Katikati ya hapo, ujumbe wa mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili uliendelea kutalii ng'ambo kwa gharama yetu.

Mwishoni mwa mwaka 2005, mitandao mitano ya elimu, ya Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini, iliungana na kuunda UbuntuNet Alliance. Makao yake yakawa Lilongwe. Lengo lilikuwa kukomesha utalii huo wa pakiti, na kuhakikisha kwamba kebo za baharini zikifika, vyuo vitakuwa na sauti moja mezani.

Na kebo zikafika. Mwaka 2009 TEAMS ilitua Mombasa ikitokea Fujairah, na SEACOM ikaanza kazi mwezi Julai mwaka huo huo. EASSy ikafuata mwaka 2010. Kisha mwaka 2011 ukaanza mradi wa AfricaConnect, Umoja wa Ulaya ukilipa sehemu kubwa, ili kujenga mtandao wa utafiti wa kusini na mashariki mwa Afrika na kuuunganisha na GÉANT. Ile nusu sekunde ya angani ikapungua. Kutoka Nairobi hadi seva ya Ulaya na kurudi, nilianza kupima sekunde 0.17 hivi.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa Nairobi kuandika programu. Nilikuwa na blogu, nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na ramani ya kebo ukutani. Niliandika kwa mbwembwe kwamba umbali umekufa.

Majani ya shamba la mama

Sasa nije kwa dada.

Mwezi Septemba 2011, katika kaunti ya Bomet, wakulima waliona ugonjwa wa mahindi ambao hawakuwa wameuona. Majani yanapata madoa ya manjano, yanakauka kuanzia kingoni, mmea unakufa ukiwa bado mchanga, na ukibahatika kuzaa unatoa magunzi yasiyo na punje. Ulikuja kujulikana kwa kifupi cha MLN. Unasababishwa na virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja. Kimoja ni MCMV, na mwenzake huku kwetu hasa ni virusi vya mosaiki ya miwa.

Mwaka 2012 ulifika shambani kwa mama. Mama alipanda ekari tatu, akavuna magunia mawili. Karo ya mdogo wetu wa mwisho ilitoka kwa ng'ombe aliyeuzwa.

Dada yangu alikuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha umma, akisomea uzamifu katika magonjwa ya mimea. Aliacha mada aliyokuwa amepewa akachukua hii. Alizunguka mashamba 30 akikata majani, likiwemo la mama, akayahifadhi kwenye friza, akatoa chembe zake za urithi na kuzituma kwenye maabara moja Ulaya ili zisomwe kwa mashine. Alitaka kujua kama virusi vilivyo katika shamba hili ni ndugu wa vile vya shamba lile, maana ukijua hivyo unaweza kujua ugonjwa unasafirishwa na nini: mbegu, wadudu au mikono yetu wenyewe.

Majibu ya mashine hizo hayaji kwa bahasha. Ni mafaili makubwa ya herufi, mamilioni kwa mamilioni. Yake yaligawanywa katika makundi matatu, na kila kundi lilikaa kwenye seva ya maabara kwa siku 60, kisha likafutwa kupisha wateja wengine. Hayo yalikuwa masharti, na alikuwa ameyatia sahihi. Ufadhili wake ulikuwa unaisha Desemba 2014.

Mwezi Juni mwaka huo alinipigia simu.

"Mdogo wangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Faili haliji."

"Haliji vipi?"

"Linaanza, linafika asilimia kumi, linakatika. Nikianza tena linarudi sifuri."

Nilikuwa na kazi ya kumaliza jioni hiyo. Nikamwambia chuo chao kiko kwenye faiba, kina megabiti 200, ajaribu usiku wakati wanafunzi wamelala. Akasema sawa. Juma lile lile niliandika hapa makala ya kusifu kasi ya mtandao wa vyuo. Nina hakika aliisoma.

Alijaribu usiku. Alijaribu kuletewa diski kwa ndege, nayo ikakwama mahali fulani kati ya uwanja na kaunta, ikisubiri karatasi ambayo kila ofisi ilisema inatoka ofisi nyingine. Hakunipigia tena hadi Agosti.

"Kundi la kwanza limefutwa," alisema. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Lilikuwa la mashamba gani?"

"Ya nyumbani. Na la mama limo humo."

Makundi mawili yalikuwa yamebaki, jumla gigabaiti 180, na siku tisa. Ijumaa hiyo jioni nilikuwa kwenye matatu.

Mitungi 64 barabarani

Jumamosi asubuhi niliketi kwenye meza yake nikapima. Laini ya chuo kwenda nje ilikuwa nzima na haijajaa. Lakini kwenye tarakilishi yake faili lilikuja kwa kilobaiti 385 kwa sekunde likiwa na afya, na mara nyingi chini ya hapo. Nikajaribu tarakilishi nyingine katika ghorofa nyingine, namba ikawa ile ile, 385. Hapo nikashtuka. Namba ikijirudia hivyo, ujue mtu ameiweka.

Nikueleze kwa mfano. Chukulia wewe ni muuza maji kisimani, na mteja wako yuko mbali. Sheria ni hii: mitungi isiyozidi 64 ndiyo inaruhusiwa kuwa barabarani kwa wakati mmoja. Ukishaituma 64, unasimama unangoja kijana arudi aseme imefika, ndipo utume mingine. Ukipanua barabara iwe ya njia nane, unapata nini? Hupati kitu. Barabara itakuwa tupu, na wewe umesimama kisimani unamngoja kijana.

TCP, itifaki inayobeba mafaili mengi ya intaneti, ilizaliwa na sheria hiyo. Inaitwa dirisha, na kikomo chake cha asili ni kilobaiti 64. Gawanya kilobaiti 64 kwa sekunde 0.17 za kwenda Ulaya na kurudi, utapata kama kilobaiti 385 kwa sekunde. Ndiyo ile namba yangu. Kwa kasi hiyo gigabaiti 180 zinahitaji siku tano na saa kumi bila kukatika hata mara moja, na umeme wa jengo lile haukuwahi kukaa siku tano.

Ulemavu huu una dawa tangu mwaka 1992. Pande mbili zinapoanza kuzungumza, zinaweza kukubaliana kupanua dirisha mara nyingi zaidi. Tarakilishi ya dada iliomba hivyo. Seva ya Ulaya ilikubali. Lakini mlangoni mwa chuo kulikuwa na faiawoli ya zamani, yule askari wa mtandao anayekagua kila kinachoingia na kutoka, naye hakuyaelewa maneno hayo ya ziada. Alikuwa akiyafuta kimya kimya. Kila upande ulidhani mwenzake ndiye hataki.

Kulikuwa na ugonjwa wa pili. Katika jengo la dada kulikuwa na swichi kuukuu ambayo haikuelewana na waya uliotoka chini. Upande mmoja uliamini unaweza kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja, upande wa pili uliamini ni zamu kwa zamu. Matokeo yake, pakiti zilikuwa zikidondoka. Si nyingi. Ukifungua tovuti ya jirani hungejua, maana pakiti iliyodondoka ya karibu hutumwa tena mara moja. Lakini kadiri safari inavyokuwa ndefu, TCP huchukua muda mrefu zaidi kupona kila inapoumia. Wahandisi wa ESnet, mtandao wa utafiti wa Wizara ya Nishati ya Marekani, wamewahi kueleza kisa cha kifaa kilichodondosha pakiti moja tu kati ya kila 22,000, na hiyo ilitosha kuporomosha kasi ya safari ndefu.

Basi huko ndiko gigabiti zilikokuwa zikipotelea. Kebo ya baharini ilikuwa nzima. Mtandao wa taifa ulikuwa mzima. Maelfu ya kilomita yalikuwa salama, tukaangushwa na mita mia mbili za mwisho.

Mzee wa chumba cha seva

Nilimwendea mkuu wa kitengo cha kompyuta nikiwa na joto la ujana. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kijana," akasema, "unataka nimwondoe askari mlangoni. Wezi wakiingia kwenye matokeo ya mitihani, nani atajibu? Wewe utakuwa Nairobi."

Sikuwa na jibu. Akafungua droo akanionyesha nakala za barua tatu, za miaka mitatu tofauti, akiomba swichi mpya na faiawoli mpya. Chini ya kila moja kulikuwa na muhuri wa kupokelewa. Jibu halikuwepo hata moja.

Nilikuwa nimekuja kumgombeza. Niliishia kuona haya. Kumbe mtu huyu alijua ugonjwa wa mtandao wake kunishinda, na alikuwa peke yake, na mimi nilikuwa Nairobi nikisifu ramani.

"Mzee," nikasema, "sitaki askari aondoke. Nataka tarakilishi moja tu iketi nje ya geti, kando ya ruta inayopokea laini ya kutoka nje. Haitakuwa na matokeo ya mitihani, haitakuwa na barua za mtu. Itaongea na anwani moja tu ya Ulaya. Ikimaliza, tunaichomoa."

Wazo hilo halikuwa langu. Ni hao hao wahandisi wa ESnet waliolipa jina la Science DMZ: usipitishe lori la mchanga kwenye geti la watembea kwa miguu, lijengee geti lake, na lilinde kwa sheria chache zilizo wazi. Mzee alifikiri kwa muda. Akauliza maswali manne, yote mazuri. Kisha akachukua funguo.

Tulibeba tarakilishi ya dada sisi watatu, tukaipachika kwenye chumba cha seva, tukaweka diski mbili. Saa tatu usiku nikaanzisha uhamishaji, mikondo minane sambamba, kwa programu inayoweza kuendelea ilipoishia ikikatika. Namba ikapanda hadi megabiti 150 kwa sekunde ikatulia hapo. Dada alishika mdomo. Mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akasogea karibu na kioo.

Kabla ya saa sita usiku gigabaiti zote 180 zilikuwa zimefika. Majuma kumi na moja ya mateso, dhidi ya muda usiozidi saa tatu.

Jibu la swali

Sasa nimjibu msomaji wangu.

Mitandao ya utafiti si intaneti nyingine. Ni barabara pana za watu wa elimu ndani ya intaneti ile ile, zenye wahandisi wanaojuana kutoka Nairobi hadi Lilongwe hadi Ulaya. Na watafiti bado wanalalamika kwa sababu kasi hupimwa kati ya meza na meza, na kipande kibovu kuliko vyote ndicho kinachoamua. Ramani ya ukutani haionyeshi vipande vya meza.

Wala si sisi peke yetu. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, ilitokana na takriban petabaiti 5 za data kutoka darubini zilizotapakaa duniani, na data hizo zilisafirishwa kwa ndege zikiwa ndani ya diski. Diski za Ncha ya Kusini zililazimika kungoja miezi hadi majira ya baridi yaishe huko ndipo ndege iweze kuzichukua. Na ile safari yangu ya matatu? Diski ya gigabaiti 500 mfukoni, kwa safari ya saa sita, ni sawa na laini ya megabiti 185 kwa sekunde. Matatu ni mtandao mzuri sana, ila haurudishi jibu na haufiki Ulaya.

Kama uko chuoni na faili lako haliji, kabla hujalaumu kebo, fanya haya:

1. Pima kutoka kwenye meza yako, kisha pima kutoka chumba cha seva. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo anwani ya ugonjwa.
2. Pima kwenda mbali, si kwenda karibu. Ugonjwa mdogo hujificha kwenye safari fupi.
3. Ukiona namba moja inajirudia popote ulipo, tafuta nani ameiweka.
4. Tumia programu inayoendelea ilipoishia.
5. Mtafute mhandisi wa chuo chako na wa KENET mapema. Usingoje siku tisa.

Na tusisahau bahari yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika, na Kenya, Tanzania na majirani tukaonja tena maisha ya polepole. Njia moja haitoshi, hata iwe pana namna gani.

Dada alimaliza uzamifu wake mwaka 2016, baada ya kuomba nyongeza ya muda na kuishi kwa mkopo. Mzee alipata swichi zake mwaka uliofuata kisa chetu. Aliambatisha kwenye barua ya nne zile namba mbili, ya mezani na ya chumba cha seva, na safari hii alijibiwa.

Kundi la kwanza halikurudi. Maabara ilikuwa imefuta kweli, na yale majani ya akiba yalikuwa yameoza kwenye friza wakati umeme ulipokatika siku mbili mwezi Julai. Kuyakata upya haikuwezekana. Mama alikuwa ameacha mahindi akapanda viazi.

Siku ya sherehe, mama alifungua kile kitabu kikubwa cheusi akatafuta picha. Akaiona ramani yenye vidoti vya mashamba. Alitafuta kwa kidole, taratibu, kijiji kwa kijiji.

"Na langu?" akauliza. "Waliona nini kwenye langu?"

Dada alinitazama mimi. Nilimweleza mama kwamba faili lilichelewa. Sikumwambia kwamba aliyechelewa ni mimi, siku ile ya Juni nilipokuwa na kazi ya kumaliza jioni. Nalisema leo hapa, naye hujasomewa makala haya na wajukuu, kwa hiyo atajua.

Haya wasomaji, simu naiwasha sasa. Anayetaka kunirekebisha hesabu aniandikie, nitamjibu. Tukijaliwa, tuonane juma lijalo.